Rafu Iliyosimama Kati Yangu na Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoka maktaba kwa kupitia dirishani, mchana kweupe, chaki ikiwa bado mkononi. Usicheke bado. Watu walicheka sana siku ile, na hata mimi baadaye nilijaribu kucheka nao, lakini kila nikifika mwisho wa kisa hiki kicheko hunipotea.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Nilikuwa kijana wa kazi, nikipika sabuni katika kiwanda kimoja ng'ambo ya reli, na nikiishi mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, kwa Senje wangu. Senje kwetu ni shangazi, dada wa baba, na ukiwa na Senje huhitaji polisi. Jumamosi kiwanda kilitufungulia mchana, nami nilinawa, nikavaa ile suruali yangu moja isiyonuka magadi, nikaenda maktaba ya mtaa.

Ninyi mkisikia maktaba mnafikiria mahali pa kukaa kimya mtihani ukikaribia. Yetu ilikuwa kimya siku za kazi tu. Jumamosi watoto waliketi mkekani wakasimuliwa hadithi. Vijana walikuwa na mdahalo wao, wakibishana kama mji ni bora kuliko shamba, na sikumbuki hata siku moja upande wowote ukikubali kushindwa. Uani wazee walicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Chumba cha nyuma kilikuwa cha ngumbaru, ndivyo tulivyoliita darasa la watu wazima waliotaka kujua kusoma na kuandika, na mwalimu wa ngumbaru nilikuwa mimi. Sikusomea ualimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, na Bi. Njoki mkutubi aliniomba nijitolee, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba.

Huyu Bi. Njoki alikuwa mama mwembamba wa Murang'a, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Humo ndani hakuruhusu biskuti, hakuruhusu chupa, hakuruhusu mwavuli uliolowa, na kiti hakikusogezwa mpaka aseme. Mimi nilidhani anavipenda vitabu kuliko watu. Ujana una haraka ya kuhukumu.

Jambo jingine ulijue kabla hatujafika dirishani. Nilikuwa nimechumbia msichana aitwaye Rispa, wa huko huko kwetu magharibi, na wazazi wake wakikaa mtaa wa jirani, Mbotela. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshafika kwao. Na ng'ombe wa kwanza akifika, mwanangu, mama wa msichana amekuwa mkweo na miiko imeanza. Kwetu mtu hamkazii macho mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, haketi naye chumba kimoja. Ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani umpishe, naye akikuona anajifunika leso na kugeuka. Nairobi haina vichaka, kwa hiyo sisi tuliingia vichochoroni. Watu wengine hudhani ni chuki, kumbe ni heshima, tena heshima kubwa mpaka inaogopesha.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nimewapa mgongo wanafunzi wangu, naandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Nikasikia benchi la mbele likilia, mtu amechelewa ameketi. Nikageuka nimkaribishe. Alikuwa Mama Rispa.

Mama mkwe wangu mwenyewe, mwanangu. Alikuwa karibu kiasi kwamba goti lake lingeweza kuigusa meza yangu. Alikuwa ameshika daftari jipya kwa mikono miwili, na alipoinua macho amwone huyo mwalimu aliyesifiwa na wanawake wa kanisani kwake kwamba hacheki watu, aliniona mimi. Hakuna aliyekuwa amemtajia jina langu. Pale wote waliniita Mwalimu. Na nyumbani hakuwa amemwambia mtu anakokwenda, hata Rispa.

Mlango ulikuwa nyuma ya bega lake. Kutokea pale ningelazimika kumpita karibu kama watu wanaosalimiana. Dirisha lilikuwa wazi, na miguu yangu haikuniuliza. Nje kulikuwa na ua wa kayaba wenye miiba mirefu, na ile suruali isiyonuka magadi ikaachana na mimi upande mmoja.

"Cheki ticha!" kijana mmoja wa mdahalo akawaita wenzake. "Kwani karao wamekuja?"

Polisi wangekuwa afadhali. Nikazunguka jengo mbio ili nitokee barabarani. Na yeye, maskini, alikuwa ameshatoka mlangoni mbio akizunguka upande wa pili ili naye atokee barabarani. Tukakutana uso kwa uso penye bomba la maji.

Yeye aliketi chini pale pale penye matope akajifunika leso kichwa chote. Mimi nikageukia ukuta nikauegemezea paji la uso. Mtu mmoja aliyekuwa akiteka maji alitua ndoo, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole, "Mmefiwa?" Nikazidi kuutazama ukuta. Baadaye nilisikia kandambili za Mama Rispa zikienda, polepole, kama za mtu aliyefukuzwa.

Nilirudi kwa Senje kifua mbele, amini usiamini. Alikuwa nje ya mlango akipara samaki wa kukaanga jioni, maana hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yake. Nikamsimulia yote, dirisha, miiba, bomba, nikamwonyesha na suruali. Nilitarajia anisifu kwamba mwana wa kaka yake hajapotezwa na mji. Nikatia na kachumbari juu.

"Mwacha mila ni mtumwa, Senje."

Senje akaweka kisu chini. "Na mama wa watu amekwenda wapi?"

"Amerudi kwake."

"Jumamosi ijayo atakuja?"

"Atakujaje, Senje, na mwalimu ni mimi?"

Aliniangalia mpaka nikaanza kuutafuta mguu wa kusimamia. "Wafula, unajua kwa nini mama yule anataka kusoma?"

"Labda Biblia."

"Labda Biblia," akarudia. "Kaa chini."

Nikakaa juu ya debe. Akaniambia mambo ambayo mkwe haambiwi. Mimi nilijua kwamba kaka yake Rispa alifiwa na mtoto wa kiume, mdogo, ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yanayoeleweka. Niliambiwa ni homa, nikapeleka rambirambi zangu kama watu. Kumbe haikuwa homa. Siku hizo, mwanangu, ulikwenda zahanati na chupa yako mwenyewe ukatiliwa dawa, kwa hiyo dawa zote za nyumba moja zilifanana kama ndugu. Dirishani kwa Mama Rispa kulikuwa na chupa mbili za soda. Moja ilikuwa ya kikohozi cha mtoto. Nyingine ilikuwa dawa ya kupaka, ya magoti yake mwenyewe. Wazazi wa mtoto walikuwa kazini. Mtoto alikohoa, bibi yake akampa kijiko. Mtoto akalia sana, bibi akampa kingine ili atulie.

"Karatasi ilikuwa imebandikwa pale pale kwenye chupa," Senje akasema. "Mwenye kusoma angeona maneno. Yeye aliona karatasi. Mimi nilikuwa kwenye matanga, Wafula. Yule mama hakulia. Alikuwa anaiangalia ile chupa."

Nikaona lile daftari jipya, lilivyoshikwa kwa mikono miwili, na sikutaka kuliona.

"Leo amejikaza," Senje akaendelea, "amepita mbele ya watu wanaomjua, ameketi benchi la mbele kama mtoto wa shule. Na mkwewe akamkimbia kwa dirisha."

"Anajua ni miiko, Senje. Hata yeye alikimbia."

"Kichwa chake kinajua ni miiko. Moyo wake umemwambia kwamba hata maktaba imemkataa."

"Lakini ni heshima."

"Heshima si utumwa, ndivyo walivyosema waliotutangulia. Mimi nakuuliza swali moja. Heshima inayomrudisha mtu gizani ni ya nani? Leo umejiheshimu wewe."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimekuja kuchukua sifa, nikachapwa bila fimbo. Tena na nani? Na Senje, mlinzi wa mila, ambaye hakuwahi kumruhusu mtoto kumpa kitu kwa mkono wa kushoto. Kama angekuwa mtu wa mjini aliyezisahau za kwao ningembishia. Huyu sikuwa na pa kumkamatia.

Nikasema basi nitaacha kufundisha, ili yeye arudi. Akauliza nani atashika mahali pangu. Hakuwapo mtu. Bi. Njoki alikuwa ametafuta mwalimu mtaa mzima kabla ya kuniangukia mimi.

"Basi utakuwa umewafukuza wote badala ya mmoja," Senje akasema, akachukua tena kisu na samaki wake. "Nyumbani mvua ikiwakuta mtu na mkwewe chini ya paa moja, hufanyaje?"

"Mmoja hukaa upande wa pili wa ukuta."

"Na wakiwa na la kuambiana?"

"Husemezana ukuta ukiwa kati."

"Haya. Nenda ukatafute ukuta."

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Lakini penye nia ipo njia, na jioni ya siku ya kazi iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwa Bi. Njoki. Nilimweleza yote, pamoja na chupa, kwa sababu niliona nikificha chupa hatanielewa. Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu ndefu ya vitabu iliyokuwa ukutani. Nikamwomba tuivute katikati ya chumba. Nilijua atakataa, na kusema kweli nilikuwa nimeshaandaa uso wa kukataliwa.

Bi. Njoki alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Rafu hii haijasogezwa tangu maktaba ifunguliwe," akasema. Kisha akakunja mikono ya sweta. "Toa vitabu vya juu kwanza. Halafu shika upande huo."

Mama aliyekataza biskuti alikuwa anasukuma rafu kwa bega.

Senje alikwenda Mbotela mwenyewe kumsihi Mama Rispa. Sijui walisemezana nini, lakini Jumamosi ilipofika alikuja, akaketi upande wake wa rafu. Ubao tuliuweka mwisho wa chumba, mahali palipoonekana kutoka pande zote mbili. Mimi niliandika, kisha nikarudi upande wangu, nikakohoa. Nikikohoa ndipo aliposhusha leso na kutazama ubao. Daftari lake lilibebwa na Mzee Mwangi, fundi viatu, mwanafunzi mwenzake, ambaye aliupenda ubalozi huo kuliko masomo yenyewe.

"Mwalimu," alikuwa akisema huku akizunguka rafu, "mama anauliza kama hii ni mbe au mbi."

"Mwambie ni mbi."

"Mama, mwalimu anasema ni mbi. Na mimi naongeza, usibonyeze penseli sana."

Wote tulikuwa tumesikia swali, na yeye alikuwa amesikia jibu kabla Mzee Mwangi hajageuka. Haikudhuru. Mvua za masika zilikuja zikaenda, na nikamjua mama yule kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Sauti yake mwanzoni ilitambaa juu ya silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Baadaye ikaanza kutembea.

Ikafika siku kuu ya maktaba. Kila mwaka Bi. Njoki aliwaalika watu wa mitaani waje waone yanayofanywa humo. Siku hiyo watoto waliimba, vijana wakabishana tena kuhusu mji na shamba, na wanafunzi wa ngumbaru wakatakiwa kusoma mbele ya watu. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Senje alikuwapo, Rispa alikuwapo, na wanawake wengi wa Mbotela. Kila mwanafunzi alipewa kifungu cha kitabu kuhusu usafi wa nyumba. Mzee Mwangi alisoma chake akapigiwa makofi, akataka kukirudia.

Zamu ya Mama Rispa ilipofika hakusimama mbele. Alibaki upande wake wa rafu, na watu waliokuwa kule walimwona, mimi nikiwa upande wangu. Nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, nikidhani hakusikia. Ndipo akaanza.

"Ya ku-pa-ka," akasoma.

Nikashtuka. Hayo hayakuwa maneno ya kitabu. Nilitazama nakala yangu nikafikiri labda nimefungua ukurasa usiofaa.

"Ya kupaka. I-si-nywe-we." Akapumua. "Weka mbali na watoto."

Kisha nikasikia kioo kikigusa ubao wa rafu. Katikati ya vitabu kulikuwa na mwanya, na katika ule mwanya, mbele ya macho yangu, akaweka chupa ya soda. Karatasi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ile chupa alikuwa ameitunza muda wote ule, na kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikimfundisha ba na be nisijue kwamba kuna maneno yaliyokuwa yakimngoja nyumbani.

"Haya ndiyo yaliyoandikwa," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Mwanzo ningeweza kumpa mtu anisomee. Sikutaka kusomewa. Nilitaka niyasome kwa kinywa changu, kwa sababu ni kwa mkono wangu nilimpa mtoto. Nimeyasoma. Ninyi wenzangu wenye chupa madirishani, msingoje kama mimi."

Mke wa mwanawe, mama wa yule mtoto, alikuwa kwenye umati, na nilimsikia akipenya katikati ya watu akienda upande ule wa rafu. Sikuona walichofanya kule. Nilisikia tu watu wawili wakilia kwa sauti moja, na ndipo Mama Rispa alipolia kwa mara ya kwanza, mwanangu, baada ya muda wote ule. Mimi nilikuwa nimeishika rafu kwa mikono miwili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa na chupa yake aliyoificha, na kuanzia hapo hakuna aliyeona haya. Jumamosi iliyofuata wanawake walikuja kutoka Mbotela, Shauri Moyo, mpaka wauzaji wa soko la Gikomba, na vikapu vya chupa na makopo. Bi. Njoki alisimama mlangoni, nikajua sasa kumekucha. Akatandika magazeti ya zamani juu ya meza zake, akasema, "Wekeni hapa. Msimwage." Na nyuma ya rafu, aliyewasomea mmoja mmoja na kuwaonyesha herufi kwa kidole alikuwa Mama Rispa. Siku hiyo mimi mwalimu sikuwa na kazi. Nilibeba vikapu.

Nilimwoa Rispa. Miaka ikapita, nami nikampelekea mama mkwe blanketi, naye akanichinjia kuku, wazee wakatuondolea miiko kama ilivyo desturi. Kwetu hata miiko ina mlango wake, ila unaufungua kwa utaratibu. Siku ya kwanza kuketi naye chumba kimoja bila ukuta, mtoto wetu wa kwanza alikuwa anakohoa. Nilikuwa nimetoka naye zahanati na chupa mfukoni, na njiani nilikuwa nimeisoma mara kadhaa. Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Lete nisome," akasema.

Sikumwambia kwamba nimeshaisoma. Nilimpa. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kila neno polepole, akasoma tena, kisha akamimina kijiko. Mtoto huyo ndiye baba yako.

Basi nisikilize sasa, mwanangu, maana nimezunguka sana. Mila za kwenu zishike, sitaki usikie nimesema uziache. Lakini mila ikikukuta na mtu mwenye shida, usiifanye mahali pa kujificha. Kukimbia ni rahisi na watu watakusifu kwa adabu yako. Tafuta ukuta unaopitisha sauti. Ukikosa, uliza waliokutangulia, kwa maana kuuliza si ujinga, na waliotunga miiko walijua mvua itanyesha. Na popote utakapomwona mtu mzima ameketi benchi la mbele na daftari jipya, usimwulize kwa nini amechelewa, na tafadhali usiruke dirishani. Hujui nyumbani kwake anangojwa na chupa gani.

Mungu akupe macho ya kusoma yaliyo mbele yako kabla mkono haujamimina. Yakichoka, kama yangu yalivyoanza kuchoka, usimkose mtu wa kuketi upande wa pili wa rafu akakusomea bila kukuonea haya. Na mlango wa nyumba yako, mwanangu, usiwe mwembamba kiasi cha mtu kutafuta dirisha.